Siku Tuliyovunja Mstari Mnazi Mmoja

Gerezani,
Dar es Salaam.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Issa,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute umesharudi kutoka shambani, umenawa, umekaa, na Mama yuko karibu yako, kwa sababu haya nitakayoandika ni yenu wote wawili. Mama naye shikamoo. Je, mguu wake unaendeleaje? Na mikorosho imeshika maua mwaka huu, au upepo umeyapukutisha kama mwaka jana? Maji bado mnayafuata kule bondeni, au lile bomba mlilochimbia mtaro kijiji kizima limeanza kutoa? Nikifungua mfereji hapa uani asubuhi huwa nawafikiria, na naona haya kuacha tone lidondoke bure.

Mimi huku mzima. Mjomba Bakari mzima, bado yuko karakana ya reli, anarudi jioni mikono imejaa girisi na hataki mtu amsemeshe mpaka ameoga. Mkaza mjomba naye mzima, ila sukari imekuwa ya kupanga foleni, na akikosa siku hiyo ndani hakukaliki. Kazi yangu kwenye ushirika wa ushonaji Kariakoo inaendelea vizuri. Sasa nakata kitambaa mwenyewe, sisubiri tena nikatiwe.

Baba, ujumbe wako kwa mdomo wa Mzee Mtepa umenifika. Alikuja hapa Gerezani kutafuta vipuri vya baiskeli, akanikuta, akaniambia mbele ya Mjomba: "Baba yako amesikia unavaa kaptula, unatembea na wavulana mpaka milima ya Pugu na kulala huko. Amesema kama ni kweli, meli ijayo ya Mtwara upande." Mjomba alitaka kunijibia, nikamwomba aache. Nilitaka nikujibu mwenyewe, bila kupunguza wala kuongeza.

Kaptula sijavaa, nimevaa sketi ya kaki iliyopita magoti na mtandio kichwani. Kutembea na wavulana mpaka Pugu, ni kweli. Kulala huko, ni kweli. Sasa nikueleze ni kwa nini.

Ushirika wetu ulipata kazi ya kushona mashati ya skauti. Aliyekuja kuyachukua ni mwalimu wa shule ya msingi anaitwa Bwana Kondo, mtu wa makamo, mpole, anayeongea kama ana muda wote wa dunia. Nilikuwa nahesabu vifungo, nikamuuliza, "Mwalimu, haya ni ya watoto?" Akasema la, ni ya vijana wakubwa, waliomaliza shule au wanaokaribia kumaliza, wanaofundishwa kuongoza wenzao. Nikamuuliza, "Na wasichana?" Cherehani za wenzangu zikasimama, wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Tumeruhusiwa kujaribu kundi la mchanganyiko. Wavulana ninao. Wasichana hakuna aliyethubutu kuuliza, wewe ndiye wa kwanza." Jumamosi iliyofuata nilikwenda na rafiki yangu Rehema, ninayeshona naye cherehani moja, na baadaye wakaja wengine.

Baba, usidhani ni mchezo. Tunafundishwa kufunga mafundo, kusoma ramani na dira, kumhudumia mtu aliyevunjika kabla hajafika hospitali. Tunafagia mitaro ya Msimbazi kabla ya mvua. Lakini kubwa zaidi, kila mtu anapewa zamu ya kuongoza. Wiki hii wewe ndiye unayepanga kazi, unagawa watu, unaendesha kikao, na mwisho wenzako wanakuambia ulipokosea, uso kwa uso, nawe huruhusiwi kujitetea mpaka wamalize. Mara ya kwanza niliambiwa nasema haraka kuliko mtu anavyoweza kusikia, na kwamba nikiulizwa swali nakunja uso. Nilirudi nyumbani nimevimba. Mkaza mjomba akaniuliza nani kanipiga!

Na huko Pugu, mahema ya wasichana yalikuwa upande wa juu pamoja na Bi Tekla, muuguzi, mama mtu mzima ambaye hata Bwana Kondo anamwogopa. Ya wavulana yalikuwa chini, na katikati jiko. Mkaza mjomba alifanya kama ulivyofanya wewe, hakuamini, akapanda basi na kapu lake kuja kutufumania. Alichofumania ni wavulana wanasonga ugali umejaa madonge na wasichana wanakata kuni. Akawanyang'anya mwiko, akasonga upya, akala nasi, akarudi jioni. Tangu siku hiyo hasemi kitu. Jumamosi ikifika ananiuliza tu kama sketi nimeipiga pasi.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Zilipobaki wiki chache kabla ya sherehe ya vijana pale Mnazi Mmoja, tulipiga kura kumchagua kiongozi wa kundi zima. Aliyekuwa akiongoza wavulana siku zote ni Saidi Pazi. Huyu ni mtoto wa Kariakoo hasa, babu zake wako hapa tangu nyumba zikiwa za makuti, ana sauti ya kuamrisha na kwenye gwaride hana mfano. Kura zikanichagua mimi. Sikutegemea, naye hakutegemea. Alisimama akasema mbele ya wote, "Mimi simkatai Somoe. Lakini siku ile tutatazamwa na mkoa mzima. Tukiongozwa na msichana watacheka, na wakicheka, kundi limekwisha."

Ukweli ni kwamba hakuwa anasema uongo, na ndiyo maana iliuma. Katika kamati ya skauti ya mkoa walikuwapo waliosema wazi kuwa vijana wa kike na wa kiume wa umri wetu hawawezi kuwekwa pamoja. Sherehe ile ndiyo ilikuwa mtihani wetu. Tukipita vizuri mbele ya wageni, kundi linaendelea. Tukiaibika, wasichana warudi makwao.

Kwa muda Saidi akawa anafanya ninachosema, ila baada ya kukawia kidogo, kama mtu anayesubiri kuona kama nitabadili mawazo. Nikimwita anaitika wa mwisho. Nilikwenda kwa Bwana Kondo kushtaki. Akanisikiliza, kisha akaniuliza, "Saidi anajua nini kuliko wewe?" Nikasema gwaride. "Nani anayelifundisha gwaride?" Nikasema mimi, maana mimi ndiye kiongozi. Baba, niliposikia jibu langu mwenyewe nilipata joto usoni. Kesho yake nilimwita Saidi pembeni nikamwambia, "Gwaride lichukue wewe. Fundisha unavyojua. Mimi nitasimama kwenye mstari kama wengine, unirekebishe." Akanirekebisha kweli! Siku nzima, "Somoe mkono, Somoe kidevu, Somoe wa kushoto ni huo mwingine." Lakini alianza kuitika.

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Watu walifurika kutoka Kariakoo, Ilala, Kisutu, akina mama na watoto migongoni, vijana juu ya miti. Wageni walikaa upande mmoja chini ya turubai. Mbele yao paliachwa njia pana ya gwaride, na pande zote mbili za njia palifungwa kamba nene kwenye nguzo ili watu wasiingie. Karibu na turubai paliegeshwa lori lenye vipaza sauti, na nyuma ya lori kulikuwa na senyenge. Sisi tulikuwa tumesimama ndani ya njia, jirani kabisa na lile lori, tumenyooka, tunasubiri kuitwa.

Mvua ikaja bila kutuonya. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika. Umati wote ukakimbilia upande mmoja, wenye turubai. Waliokuwa mbele wakafika kwenye kamba wakakwama. Wa nyuma hawakuona kamba, wakaendelea kusukuma. Wengi wakabanwa kwenye ile nafasi kati ya lori na senyenge, na pale hapakuwa na pa kutokea. Mwanzoni watu walikuwa wanacheka, unajua watu wanavyocheka wakinyeshewa. Kisha nikasikia kicheko kimebadilika. Mwanamke mmoja alikuwa amemwinua mtoto wake juu kwa mikono miwili, yeye mwenyewe huoni chochote ila mikono hiyo.

Wakati huohuo kipaza sauti kikasema, "Kundi la Gerezani, mbele." Wageni walikuwa wakavu chini ya turubai, waliamua sherehe iendelee.

Ilikuwa zamu yetu, Baba. Ile ile tuliyoihangaikia. Miguu yangu ilikuwa tayari imeanza kuinuka. Nikapuliza filimbi mpigo mrefu, ambao kwetu maana yake ni vunja mstari.

Saidi aligeuka, macho yamemtoka. "Somoe! Tumeitwa!"

"Nimesikia. Angalia kule. Kata kamba."

"Wageni..."

"Saidi, kata kamba!"

Akatazama nilikoonyesha. Akaiona ile mikono. Alitoa kisu chake cha kukunja, akapiga mbio, na wavulana wengine nyuma yake. Kamba zikakatika, moja, nyingine, na watu wakaanza kumwagikia kwenye njia ya gwaride. Sasa hatari ikawa ya kukanyagana. Rehema na wenzake wakashikana mikono mistari miwili, wakatengeneza njia ya kupitisha watu kuelekea barabarani, huku wanasukumwa wanateleza kwenye tope lakini hawaachiani. Mimi nikapanda kwenye bampa la lori.

Nilipiga kelele, hakuna aliyesikia. Nikakumbuka jambo tulilofundishwa, kwamba umati hauna masikio, masikio anayo mtu mmoja mmoja. Nikaanza kuwaita. "Baba mwenye kofia nyeupe, simama hapo ulipo! Wewe, ndiyo, wewe, inua mkono wako wazuie wa nyuma. Mama mwenye khanga nyekundu, rudi nyuma kidogo. Kijana mwenye baiskeli, itupe hiyo baiskeli!" Na Baba, waliitika! Mtu akiitwa peke yake huwa anatulia. Yule mwenye kofia nyeupe alinyoosha mikono akageuka kuwa ukuta, akaanza naye kuwapigia kelele wa nyuma. Mbano ukalegea. Saidi aliingia kule kati, akatoka na yule mtoto begani, na mama yake kamshika shati kwa nyuma.

Hakufa mtu. Bibi mmoja alivunjika mkono, Bi Tekla akamfunga kwa fimbo zetu na skafu tunazovaa shingoni. Wengine walizimia, tukawapepea kwenye baraza za maduka mpaka wakafumbua macho. Mashati yetu meupe ya siku ile yalikuwa tope tupu. Nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara. Saidi akaja akakaa kando yangu. Akasema, "Gwaride letu lilikuwa zuri kweli, hawakuliona tu." Tukacheka mpaka machozi.

Nilidhani tutashukuriwa. Kumbe watu walioingia ndani ya kamba walikuwa wamefika mpaka kwa wageni, viti vikaangushwa, meza ya vinywaji ikapinduliwa, na mkubwa mmoja wa kamati akalowa kuanzia kichwani. Aliyoyaona yeye ni vijana walioitwa mbele wakakataa amri, wakakata kamba na kuharibu sherehe. Tukasimamishwa. Tukaambiwa tusivae skafu mpaka tuitwe kujieleza.

Siku zile za kungoja ndizo Mzee Mtepa alizokuja na ujumbe wako. Kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyokuwa. Nilikaa kwenye cherehani nikashona mkono wa shati kwenye ukosi.

Tulipoitwa, tulikwenda wote. Bwana Kondo alisema angeongea yeye, lakini yule mkubwa hakumpa nafasi. Aliuliza moja kwa moja, "Nani aliyetoa amri ya kukata kamba?"

Nikaona Saidi pembeni yangu anasogeza kiti, anataka kusimama aseme ni yeye. Nikasimama kabla yake.

"Ni mimi, mzee."

"Kwa idhini ya nani?"

"Sikuomba. Hapakuwa na muda wa kuomba."

"Binti, unajua mlikuwa mmeitwa?"

"Tuliitwa, mzee. Na mimi nilisikia."

Akaegemea kiti. "Hebu niambie. Siku ile ikirudi, ungefanyaje?"

Nikasema, "Ningekata mapema zaidi. Nilichelewa, kwa sababu na mimi nilitaka tupite mbele yenu."

Alikuwapo kwenye kamati mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani. Huyo akamgeukia mwenzake akasema taratibu, "Tumekuwa tukibishana kama wavulana hawa watamsikiliza msichana. Mimi nadhani tumeshajibiwa." Kisha akatuuliza kila mmoja alikuwa amesimama wapi na alifanya nini, akamsikiliza kila mmoja mpaka mwisho, hata Rehema ambaye akiongea mbele za watu sauti inakwenda chini mpaka unamsogelea.

Tulitoka nje wakajadiliana muda mrefu. Tulipoitwa tena ndani, yule mkubwa ndiye aliyesema. Kundi litaendelea, na litaendelea kuwa la mchanganyiko. Kamba na viti tutavirudisha kwa kazi za mikono yetu, jambo ambalo ni haki. Na mimi nikapewa karipio kwa kutojibu amri, nalo nimelipokea. Halafu akaweka sharti: kila msichana mzazi wake atoe kauli kwamba ameridhia, na asiye na kauli ya mzazi asivae skafu. Wakati tunatoka akaniita. Nilidhani ananiongezea karipio. Akasema, "Ulipokuwa juu ya lori ulimwita mtu mwenye kofia nyeupe. Yule ni kaka yangu. Anakusalimu." Akafunga mlango.

Wenzangu wote sasa wana kauli za wazazi wao. Mjomba Bakari alisema yeye ni mzazi wangu huku mjini, atakwenda kusema ameridhia, yaishe. Nilimshukuru nikakataa. Nilimwambia baba yangu yuko hai, ana akili zake, na ameshasema neno lake. Siwezi kupita nyuma yake. Kwa hiyo Jumamosi nakwenda bila skafu. Nakaa kwenye benchi nje ya uwanja, nawafundisha mafundo wasichana wapya. Wamekuja wengi tangu siku ile. Mmoja ni mdogo wake Saidi, kamleta mwenyewe kwa mkono. Saidi ndiye anayeongoza kwa sasa, na kila baada ya kikao anakuja pale benchi kuniuliza nimeonaje. Namwambia alipokosea. Hajitetei mpaka nimalize.

Baba, sijakuandikia ili nishindane nawe. Ulinipeleka shule wakati wenzako walikuwa wanakucheka, na ulinileta huku wewe mwenyewe kwenye meli. Ukisema nirudi, nitarudi, na sitakuja na uso wa kununa. Lakini nakuomba ujue ninachokuomba. Nimebakiza mafunzo ya mwaka mmoja. Nikiyamaliza nataka kuja hapo kijijini nianzishe kundi kama hili, na wavulana na wasichana waliomaliza darasa la saba ambao jioni hawana la kufanya. Wajifunze kuendesha kikao, wajifunze kumbeba aliyeumia, wajifunze kusikilizana. Bwana Kondo amesema atakuja kutusaidia kuanza, ikiwa wazee watakubali. Nimemwambia wazee wa kwetu wagumu, lakini wakishakubali wanachimba mtaro wenyewe.

Nisalimie Bibi, mwambie khanga aliyoniagiza nimeipata, nyekundu kama alivyotaka, ataiona nikija. Nisalimie Baba Mdogo, na mkewe aliyejifungua. Mtoto wamempa jina gani? Nisalimie Shangazi, asiache kunywa dawa. Nisalimie kaka yangu Hashimu na umwambie aendelee na kilimo cha ufuta, huku naona watu wanauulizia bei. Nisalimie Mwalimu Mkuu, na imamu, na Mzee Mtepa naye, sina kinyongo naye hata kidogo, alifikisha alichotumwa. Mjomba na mkaza mjomba wanawasalimu nyote.

Mama, najua hapa ndipo Baba anapotaka kukunja barua. Mwambie asikunje kwanza. Muulizane jambo moja tu, nyinyi wawili: mikono ile iliyokuwa juu, ingekuwa yako Mama, na mtoto yule ningekuwa mimi, mngetaka yule msichana wa watu mwenye filimbi awe anasubiri ruhusa?

Nangoja neno lenu kwa moyo mkunjufu, liwe lipi.

Ni mimi binti yenu anayewaheshimu,
Somoe binti Issa.